Kifaa Kinachojua Kusema Hapana

Kama una shilingi laki mbili na hamu ya kuwinda mizuka, hutakosa washauri. Utaambiwa uanze na mita ya sumaku-umeme yenye taa tano, uongeze redio ya kuzungumza na wafu, kisha kipimajoto cha kulenga kama bastola, na ukibakiwa na chenji ununue kamera ya kuona gizani. Zipo orodha za wanaoanza na orodha za wenye fedha kidogo. Mimi nina sharti moja tu, na makala haya yote ni utetezi wake: usinunue kifaa kisichojua kusema hapana.

Nina sababu ya kulisema hili sasa. Nafundisha fizikia sekondari na ninaishi Sakina, ndani kidogo kutoka barabara ya Namanga. Mtaani kwetu kuna pagala. Mwenyewe alifariki kabla hajapaua, ndugu wakaanza kugombania mirathi, na kuta zimesimama hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, migomba imeota sebuleni. Watu husema usiku husikika nyayo mle ndani, na kwamba ukipita saa nane za usiku baridi inakukamata shingoni. Mwaka huu machalii sita walianza kuchanga fedha wanunue vifaa, waingie, warekodi na warushe mtandaoni. Si wajinga hao. Mmoja ana diploma ya uhasibu, mwingine anatengeneza matangazo kwa kompyuta. Walinijia na orodha kwenye simu. "Ticha, wewe ni mtu wa sayansi," aliniambia mkubwa wao. "Tuchagulie vya bei poa, ila viwe vya kweli."

Viwe vya kweli. Ombi hilo ni la haki na linastahili jibu refu, kwa sababu nyuma ya pagala, ukuta kwa ukuta, anaishi bibi ambaye mtaa mzima unamwita Koko. Anaishi peke yake. Asubuhi anauza mchicha, jioni anapikia kuni, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi. Waya wa umeme unaokwenda chumbani kwake umepitishwa juu ya ukuta wa pagala. Yeyote atakayeingia mle na mita ya taa tano ataona taa zikiwaka zote akikaribia upande wa Koko. Naomba msomaji alishike hilo tunapoipitia orodha.

Kifaa maarufu kuliko vyote ni mita inayoitwa K-II. Bei yake ni takribani dola 60, yaani kama laki na nusu kabla ya usafiri na ushuru. Ina taa tano, kuanzia kijani hadi nyekundu, na kazi yake halisi ni kuonyesha nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika, kama ile inayozunguka nyaya na mashine za umeme. Umeme wetu hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Basi friji itaiwasha mita hiyo, chaja itaiwasha, na simu iliyo mkononi mwa mwindaji inaweza kuiwasha pia. Siilaumu mita. Imesema kweli: hapa kuna umeme. Uongo unaanzia kwa mtu anayetafsiri.

Nenda Soko Kuu uangalie mizani. Wakala wa Vipimo huihakiki kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Kilo moja ikiwekwa, mizani isome kilo moja, la sivyo haifai kwa biashara. Sasa nakuuliza: mita ya mizuka ilihakikiwa kwa mzuka gani? Nani aliwahi kuchukua mzuka uliothibitishwa, akauweka mbele ya K-II, akaandika kwamba una miligausi ngapi? Hakuna. Muuza nyanya wa Kilombero anabanwa kuliko muuza vifaa vya kupimia wafu.

Cha pili ni redio ya mizimu. Mmarekani Frank Sumption alitengeneza ya kwanza mwaka 2002, na nyingi zilizofuata hufanya kazi kwa kanuni ileile: redio inaruka kutoka stesheni hadi stesheni bila kutulia, na wewe unasikiliza vipande vya sauti ukingoja majibu. Ukiifungua Arusha, yenye stesheni za FM kila pembe, marehemu atakayekusalimia atakuwa mtangazaji, na unabii wake utakuwa nusu tangazo la bando na nusu mahubiri. Ubongo wa binadamu umezoea kuunga vipande vya maneno, ndiyo maana tunaelewana hata ndani ya daladala yenye muziki. Mpe kelele na swali, atakuletea jibu.

Ipo na mashine inayotamka maneno yenyewe, pamoja na programu za simu zinazoiga kazi hiyo. Ndani yake kuna orodha ya maneno, na mabadiliko ya sumaku au joto huchagua neno litakalotoka. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza. Hebu fikiri: mzee aliyezaliwa mlimani, akalima kahawa na migomba maisha yake yote, akaongea Kiarusha nyumbani na Kiswahili sokoni, leo amekufa na ghafla anajibu kwa Kiingereza cha televisheni. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeshtukia.

Kipimajoto cha kulenga nacho kina tabia ambayo wauzaji hawaitangazi. Kinapima joto la uso wa kitu unachokilenga, ukuta au sakafu. Hewa iliyo katikati hakiipimi. "Mkondo wa baridi" ulioning'inia katikati ya chumba hakiwezi kuuona. Na kuhusu baridi ya shingoni: Sakina iko miguuni mwa Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, na usiku hewa iliyopoa huteremka kwenye miteremko kama maji. Nyumba isiyo na bati, saa nane za usiku, mwezi wa saba. Ingekuwa ajabu kama ingekuwa na joto.

Ya mwisho kwenye orodha ya machalii ilikuwa kamera inayochora watu wa vijiti kwenye skrini. Teknolojia yake ni ya Kinect, iliyoletwa na Microsoft mwaka 2010 kwa ajili ya michezo ya Xbox, ili mtu acheze mbele ya televisheni bila kushika kitu. Programu yake iliundwa itafute umbo la binadamu. Ielekeze kwenye nguo zilizotundikwa au mgomba unaotikiswa na upepo, itajitahidi kupata kichwa na mikono, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyopewa.

Vifaa hivi vyote vina ugonjwa mmoja. Taa zikiwaka, mzuka umekuja. Zisipowaka, mzuka hautaki kujitokeza leo. Redio ikisema kitu, amejibu. Ikinyamaza, amekasirika. Hakuna matokeo hata mamoja yanayoweza kumrudisha mwindaji nyumbani akisema, "Tumepima, hakuna kitu." Kifaa cha namna hiyo hakipimi nyumba. Kinapima ulichoingia nacho kichwani.

Dunia imeshalipa gharama ya vifaa vya aina hii. Mfanyabiashara wa Uingereza James McCormick aliuza kifaa kilichoitwa ADE 651, akidai kinanusa mabomu kutoka mbali. Kilikuwa mpini wenye antena inayocheza, bila betri, na asili yake ni kidude cha kuchekesha kilichouzwa kwa chini ya dola 20 kama kitafuta mipira ya gofu iliyopotea. Iraki ililipa mamilioni ya dola, na askari wa vizuizi vya barabarani Baghdad wakakitegemea huku mabomu yakipita. Antena ilifuata mkono wa aliyeishika, na mkono ulifuata shaka yake. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga McCormick miaka 10. Jaribio rahisi la kuficha kitu ndani ya sanduku moja kati ya kumi lingetosha kukiumbua kabla hakijafika barabarani.

Hata vifaa halali haviokoi nia mbovu. Harry Price, mwindaji mizuka mashuhuri wa Uingereza, alikuwa na mkoba ambao ningeusifia leo: utepe wa chuma wa kupimia, vipimajoto, kamera, viatu laini vya kutembelea bila kelele, vifaa vya kuziba milango, bakuli la zebaki la kuonyesha mtikisiko, hata chupa ya brandi kwa atakayezimia. Mwaka 1937 alipanga nyumba ya Borley Rectory kwa mwaka mzima na kukusanya watazamaji 48 wa kuilinda kwa zamu. Alitoka na vitabu vilivyouzika sana. Mwaka 1956, miaka minane baada ya kufa kwake, wanachama watatu wa Society for Psychical Research walichapisha uchunguzi uliozikosoa vikali kazi zake za Borley. Chama hicho kilianzishwa London mwaka 1882 ili kuchunguza mambo kama hayo kwa uzito, kwa hiyo waliomkosoa hawakuwa watu wa kuidharau mizuka tangu mwanzo. Mkoba ulikuwa mzuri. Mwenye mkoba alihitaji jibu la ndiyo.

Hapo ndipo nataka msomaji wa Tanzania aache kucheka mambo ya Wazungu, kwa sababu sisi tuna historia yetu ya vifaa visivyokataa, na si ya kuchekesha.

Miaka ya 1930 vijana walioitwa Bamucapi walizunguka vijiji vya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakitafuta wachawi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliwaandika mwaka 1935. Walikuwa vijana waliovaa kisasa, na kifaa chao kilikuwa kioo kidogo. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mwindaji, naye akawatazama kwenye kioo na kusema nani mchawi. Vuguvugu hilo lilivuka mipaka. Upande wetu wa kusini-magharibi liliibuka tena kwa jina la Kamchape, na miaka ya 1960 Roy Willis alilichunguza Ufipa. Kigoma jina hilo halijafutika masikioni. Itazame picha ile bila kujali mwaka: vijana waliovaa vizuri, kifaa cha kisasa kutoka mbali, umati unaotazama, na mwishoni kidole kinachoelekezwa kwa mtu.

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, nasi tumeendelea nayo kama Sura ya 18 ya sheria zetu. Inakataza kumiliki kifaa cha uchawi, na katika maana ya kifaa hicho inaingiza hata kitu kinachosadikiwa kuwa na uwezo wa kumfichua mwenye hatia. Sidai kwamba polisi watakuja kuchukua mita ya mtu. Nasema tu kwamba hata waliotunga sheria ile, pamoja na ukoloni wao, waliona hatari iko wapi: kifaa kinachomtaja mtu.

Na watu wametajwa. Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, bibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyopikia kuni na samadi kavu kwa miaka 50. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeandika mamia ya vifo vya tuhuma za uchawi. Kati ya mwaka 2000 na 2015, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, angalau watu 75 wenye ualbino waliuawa Tanzania, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Ramli ni nini kama si kifaa kinachotoa jibu kila kikiulizwa?

Kule Zanzibar mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu, hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikaenea Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiogopa kiumbe kinachowakandamiza usingizini. Madaktari wanaijua hali ya kuamka akili ikiwa macho na mwili ukiwa bado umefungwa na usingizi, kifua kizito, chumba kimejaa mtu asiyeonekana. Sisi tuna neno lake tangu zamani, jinamizi. Lakini umati wenye hofu hautafuti maelezo, unatafuta mwili. Mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa Unguja akidhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Fikiria usiku ule ungekuwa na mita za taa tano na kamera za watu wa vijiti, zote zikirusha moja kwa moja.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni kwamba ni burudani tu. Burudani naikubali. Simulia hadithi za kutisha, tengeneza filamu, waite waigizaji, nitalipa kiingilio. Ila filamu haina mtaa wa kweli wala jirani wa kweli. Video ya pagala la Sakina itakuwa na geti ambalo kila mtu analijua, na mita itakayowaka kwenye ukuta wa bibi ambaye kila mtu anamjua. Mtazamaji wa Mwanza atacheka na kuendelea na siku yake. Koko atabaki hapa na waliocheka nusu.

La pili ni kwamba sayansi haijui kila kitu. Ni kweli, na kila asubuhi nawaambia hivyo wanafunzi. Kutojua ndiko kunakotudai vipimo vikali zaidi. Mtu anayesema "sayansi haijui" kisha ananunua mita ya sumaku ili ajue, amekopa heshima ya sayansi na hataki kulipa deni.

La tatu ndilo zito: kwamba nadharau imani za wazee. Hapa nasimama kabisa. Mizimu ya kwetu haihitaji mita. Mzimu unaodai tambiko hutafuta watu wenyewe, kwa ndoto na kwa magonjwa ya ukoo, na wazee hukaa wakajadili nani amekosewa nini. Pepo za pwani hupigiwa ngoma, huulizwa jina, hutaja wanachotaka. Hata laiboni anayemwaga mawe kutoka kwenye kibuyu na kuyahesabu hufanya hivyo mbele ya watu wanaomjua yeye, baba yake na babu yake. Sisemi mawe yanaona. Nasema jibu lake lina mwenyewe, na likileta maafa, watu wanajua boma la kwenda kuuliza. Wazo kwamba marehemu ni mtikisiko wa sumaku unaowasha taa halikutoka kwa bibi zetu. Lilienezwa na vipindi vya televisheni kama Most Haunted cha Uingereza, kilichoanza 2002, na Ghost Hunters cha Marekani, kilichoanza 2004. Anayenunua K-II kwa jina la kulinda mila amenunua mila ya watu wengine, tena kwa bei ya rejareja.

Basi ninunue nini? Swali la machalii lilikuwa halali, na nina orodha. Masharti yake ni kwamba kila kifaa kiwe kinaweza kukukatalia, na kikikubali, kikubali kitu ambacho unaweza kukifanyia kazi kesho yake.

Kwanza, testa ya bisibisi kutoka duka lolote la vifaa vya umeme, shilingi elfu chache tu. Geti la chuma mtaa wa pili lilikuwa "linashika watu" usiku wa mvua. Watoto walikatazwa kulipita, mama mmoja akamwagia maji ya dawa. Fundi alipogusisha testa, ikawaka: waya wa taa ya nje ulikuwa umechubuka ukalala juu ya bawaba. Mzuka huo ungeweza kuua mtoto, na ulifukuzwa kwa gundi ya umeme na mita mbili za waya mpya. Testa ikigoma kuwaka, ondoa umeme kwenye orodha ya washukiwa, ila kabla ya hapo ijaribu kwenye soketi unayojua ina umeme, ndipo ukimya wake uwe na maana.

Pili, kengele ya kaboni monoksaidi. Hii ndiyo ghali kuliko vingine, na kwa kawaida bado haifikii bei ya K-II. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia moja iliyohamia nyumba kubwa ya zamani na kuanza kusikia nyayo, kuona watu wasiokuwepo, kuhisi kushikwa kitandani, huku watoto wakidhoofika na mimea ikifa. Tanuru la nyumba lilikuwa bovu na lilimwaga moshi ndani. Lilipotengenezwa, mizuka ilihama. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwezi wa sita na wa saba, Arusha ikipoa, ni nyumba ngapi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha? Kichwa kinauma, kifua kinalemewa, mtu anahisi kuna kitu chumbani. Kweli kipo. Kinaweza kukuua kabla ya alfajiri, na kengele hii hulia kwa sababu ya kipimo kilichohakikiwa kwa gesi yenyewe.

Tatu, vipimajoto viwili vya kawaida vinavyofanana, kimoja ndani ya chumba kinachosemwa na kimoja nje. Bila cha nje, cha ndani hakikuambii kitu.

Nne, kilo moja ya unga. Nyunyiza sakafuni jioni, funga, rudi asubuhi. Panya, paka na binadamu huandika majina yao kwenye unga. Kwa sauti, jifunze kwanza majirani zako: komba hulia kama mtoto, na perere wa misitu ya Meru hutoa ukelele unaoweza kumfanya mgeni afunge mizigo.

Tano, daftari. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya kuingia, andika unatarajia nini, utaona nini ukikubali, na utaona nini ukikataa. Kisha chagua mapagala mawili, moja lenye sifa mbaya na moja lisilo na sifa yoyote, na upeleke watu kumi wasiojua lipi ni lipi, waandike walichohisi. Kama wanaogopa yote mawili sawasawa, umejifunza kuhusu giza. Kama wanaogopa moja tu, sasa una swali la kweli.

Mfano ninaoupenda ni wa mhandisi Vic Tandy wa Coventry, Uingereza. Kwenye maabara aliyofanyia kazi watu walihisi woga, na yeye mwenyewe aliona umbo la kijivu pembeni mwa jicho. Siku moja akaona ubavu wa upanga wake wa michezo, uliobanwa mezani, ukitetemeka bila kuguswa. Hakumuita mtu wa kufukuza pepo. Aliusogeza upanga huku na huku, akapima, akagundua feni mpya ilikuwa ikitoa sauti ya mitetemo kama 19 kwa sekunde, chini ya kiwango tunachosikia. Feni iliporekebishwa, mtetemo ukaisha. Aliandika habari hiyo mwaka 1998. Si lazima ukubali kila alichohitimisha kuhusu sauti hiyo na woga. Tazama tu alichofanya: alitengeneza swali ambalo feni ingeweza kulijibu hapana.

Na kama una uchu wa visivyoonekana, Arusha inakungoja. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yana floridi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Huwezi kuiona wala kuionja kwenye glasi, ila inapimika. Kijana atakayerekodi video akipima maji ya bomba tano za Sakina mbele ya watu, nitaichangia mimi mwenyewe.

Machalii hawajanunua bado. Mmoja anasema orodha yangu haitapata watazamaji, na huenda anasema kweli. Namjibu hapa, hadharani, kwa sababu hoja hii si ya mtaa wetu peke yake. Kabla hujawasha kifaa chochote karibu na nyumba ya mtu, andika kwenye daftari ni jibu gani litakalokufanya uzime na urudi kulala. Ukishindwa kuliandika, usiingie. Chukua mchango mlioukusanya, mtafute fundi mwenye leseni, auondoe ule waya ukutani mwa pagala na kuupitisha upya kwenye nguzo yake. Kisha mgongeeni mlango mwenye chumba mchana, mseme "shikamoo, Koko," na mnunue mchicha.